Fokasi Inayoshika na Kuachia: Anza na Nyasi

Mshambuliaji anakata mbio kuelekea goli, kamera inapiga picha 12 ndani ya sekunde moja. Tatu za mwanzo ni kali, hata mshono wa namba kwenye jezi unaonekana. Ya nne imefifia. Ya tano imerudi. Ya sita na ya saba, mabango ya matangazo nyuma ya goli yanasomeka herufi kwa herufi na mchezaji ni kivuli tu. Ndivyo tatizo hili linavyokuja: fokasi haijafa, inafanya kazi ikijisikia. Na kwa kuwa inakuja na kuondoka, mwenye kamera hubadilisha vitu vitano kwa mpigo kwenye menyu, halafu akipata mechi moja nzuri hajui kipi kilimsaidia.

Kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless) hupima fokasi kwenye sensa ileile inayopiga picha. Zile za DSLR, zenye kioo, zilikuwa na sensa ya fokasi ya pembeni, na ikikosana na sensa ya picha hata kidogo sana, lenzi ililenga mbele au nyuma kila mara. Ndipo watu walipozoea kurekebisha lenzi kwa namba kwenye menyu. Nikon wameyabakiza marekebisho hayo kwenye kamera zao za Z, ambazo nazo hazina kioo, lakini usiyaguse kwa tatizo linalokuja na kuondoka, maana yanasogeza kila picha kwa kiasi kilekile, nzuri na mbaya pamoja.

Kamera hizi zisizo na kioo karibu kila mara zinalenga kitu. Kazi yako ni kujua zimelenga nini.

Nyasi ndizo rula

Fungua picha iliyoharibika kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, kisha usimwangalie mchezaji. Angalia chini. Nyasi, au vumbi na vijiwe kama ni uwanja wa ndondo, vimetandazwa kutoka karibu nawe hadi mbali, kwa hiyo mahali fulani kuna ukanda ambao ni mkali. Huo ukanda ndiko fokasi ilikokuwa shata, yaani pazia la kamera, ilipofunguka.

Ukanda ukiwa chini ya miguu ya mchezaji na yeye mwenyewe amefifia, fokasi haina kosa. Amesogea. Kasi ya shata ni ndogo.

Ukanda ukiwa nusu mita hivi nyuma yake naye alikuwa anakujia, kamera ilichelewa. Alikuwa anakimbia kwenda mbali? Basi kuchelewa kulekule kutaonekana kama ukanda ulio mbele yake, upande wako.

Ukiwa mita 20 au 30 nyuma, kamera ilimwachia kabisa na kuruka kwenye mabango au jukwaa. Ukiwa karibu mno na wewe, ilinasa wavu, bega la mpiga picha mwenzako au mchezaji aliyekatiza.

Na kama hakuna ukanda mkali popote, fikiria mikono kutikisika, hewa ya joto, filta mbovu, au lenzi iliyokuwa bado inahangaika kutafuta.

Chukua picha 30 mbovu za mechi moja uzigawe hivyo. Ni kazi ya nusu saa. Usipoifanya, kila ushauri utakaoupata, pamoja na huu, ni bahati nasibu.

Kasi ya shata ikijifanya fokasi

Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde akikatiza mbele yako husogea milimita 16 ndani ya 1/500 ya sekunde. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 4000 kutoka juu hadi chini ya picha ya kulala. Mchezaji wa mita 1.8 akijaza nusu ya urefu huo, kila pikseli inabeba milimita 0.9, kwa hiyo ule mwendo unapaka pikseli 18 hivi. Kwa 1/1000 zinakuwa 9, kwa 1/2000 zinabaki 4 au 5. Hesabu hiyo ni kwa kamera iliyotulia. Ukimfuata vizuri kwa mkono, mwili unapona, ila mguu unaopiga mpira una mwendo wake wenyewe.

Ukungu wa mwendo una mwelekeo: kingo zinaburuzika upande mmoja, wa kulala au wa mshazari. Ukungu wa fokasi huvimba sawa pande zote. Kwa soka mchana weka 1/2000. Usiku chini ya taa hafifu usishuke chini ya 1/1000 ikiwezekana, ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) ipande hadi 6400 au zaidi. Chembechembe za ISO zinasafishika. Picha iliyoburuzika hakuna wa kuirudisha.

Kidhibiti mtikiso nacho kichunguze hapa. Lenzi nyingi ndefu zina swichi ya namna 1, 2 na 3. Namna ya 1 ni ya vitu vilivyotulia, na ukimfuata mchezaji huku imewashwa hupambana na mkono wako. Namna ya 2 ni ya kufuata mwendo wa kulala. Namna ya 3, ambayo kwa Canon husubiri hadi picha inapopigwa, ndiyo inayofaa michezo ya kukatakata. Kwenye lenzi za Nikon tafuta ile iliyoandikwa Sport. Ukiwa 1/2000 unaweza kukizima kabisa ujaribu, uone kama kuna tofauti.

Kamera inapochelewa

Hili ndilo kundi kubwa kwa wengi, na ndilo linaloeleweka vibaya.

Kwa lenzi ya milimita 200 kwenye f/2.8 (ukubwa wa apacha, tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa) na sensa kamili (full frame), eneo linaloonekana kali kwa mtu aliye mita 20 ni kama mita 1.7. Akifika mita 10 linabaki sentimita 42. Sasa yule wa mita 8 kwa sekunde: ndani ya sekunde 0.05 amekwenda sentimita 40. Kuchelewa kidogo hivyo kunatosha kumtoa nje. Tena lenzi yenyewe ina kazi kubwa zaidi kadiri anavyokaribia. Kumfuata kutoka mita 10 hadi 9 kunahitaji fokasi isogee karibu mara 17 ya kumfuata kutoka mita 40 hadi 39. Kwa hiyo picha zikianza kukosa mtu anapofika mita 10 na kushuka, wala usishangae. Punguza milimita, au funga hadi f/4 kama mwanga unaruhusu.

Kamera haikimbizani na mchezaji, inabashiri atakuwa wapi. Ubashiri unahitaji vipimo kadhaa vya mwanzo. Ukibonyeza shata moja kwa moja hadi chini, picha ya kwanza na ya pili hazina historia yoyote ya kutegemea. Anza kumfuata kwa kubonyeza nusu, au kwa kitufe cha AF-ON, kile cha fokasi peke yake, kwa kidole gumba, kama nusu sekunde kabla hujapiga. Na usikiachie kitufe katikati ya mfululizo. Wanaotumia AF-ON wana kosa lao: kidole gumba hulegea kidole cha shata kinapokaza, fokasi inaganda palepale ilipo, mchezaji anaendelea. Ukiona mfululizo ambao picha ya kwanza ni kali na zote zinazofuata zinazidi kuharibika taratibu, mshuku huyo gumba kabla ya kitu kingine. Au hakikisha kwanza kama kamera haiko kwenye fokasi ya mara moja, ile ya One-Shot kwa Canon na AF-S kwa wengine. Inachekesha, lakini hutokea kwa wazoefu.

Kisha kuna kipaumbele. Kamera huulizwa: nikibonyeza, nipige hata kama fokasi haijafika, au nisubiri? Sony wanayo kwenye kipaumbele cha AF-C (fokasi inayoendelea kufuata), chaguo tatu: fokasi, shata, au katikati. Nikon ni mpangilio maalumu a1. Ikiwa kwenye shata, kamera itakupa idadi kamili ya picha iliyoahidiwa kwenye boksi, mbovu zikiwemo. Weka kwenye fokasi. Mwendo unaweza kushuka, picha 10 zikawa 7 au 8, lakini 7 zinazotumika ni nyingi kuliko 4. Rudisha kwenye shata pale tu ambapo sekunde yenyewe ni kila kitu, kama kifua kinapogusa mstari wa mwisho wa mita 100.

Mwendo wa juu kabisa nao una gharama isiyoandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye Sony A7 III, picha 10 kwa sekunde huonyesha kwenye tundu la kuchungulia picha iliyokwisha kupigwa. Ukishuka hadi 8, unaona kinachotokea sasa hivi. Kwa hiyo kwenye 10 unamfuata mtu alipokuwa, kiboksi kinabaki nyuma yake, na fokasi inalaumiwa bure. Kamera hiyohiyo, ukifunga lenzi kupita f/11 kwenye mfululizo, hugandisha fokasi kwenye picha ya kwanza. Sheria za namna hii ziko kwenye kitabu cha kila kamera, kurasa za kupiga mfululizo. Zisome.

Betri pia. Canon R6 inataka betri ya LP-E6NH yenye chaji ya kutosha ili ifikie picha 12 kwa sekunde kwa shata ya mitambo. Ukiweka ya LP-E6 ya zamani kamera inapunguza mwendo bila kulalamika.

Kamera inaporuka

Hapa ndipo menyu inapowapoteza watu, na menyu zenyewe siku hizi ni ndefu kuliko foleni ya magari ya Mbagala, Dar es Salaam.

Kuna kipimo kinachoitwa unyeti wa kufuatilia. Wengi hudhani ni kasi ya fokasi, wanakipandisha upande wa haraka wakitumaini kamera itachangamka. Si kasi. Kinaamua kamera isubiri muda gani umbali uliopo chini ya kiboksi unapobadilika ghafla. Mwamuzi amekatiza: nimsubiri apite, au nimhamie? Ukikiweka upande wa haraka, kiboksi kikimponyoka mchezaji kwa kufumba na kufumbua, kamera imeshahamia kwenye jukwaa.

Halafu namba zenyewe haziendi upande mmoja. Kwa Sony, 1 ndiyo ya kung'ang'ania na 5 ni ya kuruka haraka. Kwa Nikon Z8 na Z9, kwenye mpangilio a3, ni kinyume: 1 ni haraka, 5 ni kuchelewa kuhama. Canon: hasi hung'ang'ania, chanya huruka. Fujifilm: 0 ni haraka, 4 ni kung'ang'ania. Ukifuata ushauri wa mtu mwenye kamera ya kampuni nyingine namba kwa namba, unaweza kufanya kinyume chake kabisa.

Kwa soka, mpira wa kikapu na mchezo wowote wa watu kukatizana, anza na kung'ang'ania kwa kiasi: Sony 2, Nikon 4, seti iitwayo Case 2 kwenye Canon R5, R6 na R6 Mark II, na seti ya 2 kwenye Fujifilm. Kwenda mwisho kabisa wa kung'ang'ania si vizuri pia, maana kamera ikikosea ikamshika mtu mwingine, inamng'ang'ania huyohuyo.

Eneo la fokasi lina uzito kuliko namba hizo zote. Picha nzima pamoja na utambuzi wa nyuso ni raha kwa harusi. Uwanjani kuna watu 22, waamuzi, na jukwaa lililojaa nyuso zilizotulia, zenye mwanga mzuri, zinazoangalia kamera. Mchezaji wako ameinama na nywele zimefunika jicho. Nadhani unajua itachagua nani. Upande wa pili, nukta moja ndogo kabisa ni ngumu kuiweka kifuani mwa mtu anayekimbia. Ikiponyoka tu, inasoma nyasi za nyuma.

Chaguo la kati ndilo linalolipa: nukta iliyozungukwa na wasaidizi wake kwa Canon, nukta ya kupanuka kwa Sony, eneo pana dogo kwa Nikon, ukiacha utambuzi wa binadamu umewashwa ndani ya eneo hilo kama kamera inaruhusu. Unaanza wewe kumchagua mchezaji, kamera inamalizia. Mchezaji akiwa mdogo kwenye fremu, chini ya robo ya urefu wake, zima utambuzi wa jicho. Jicho halionekani, kamera inabahatisha. Lenga namba ya jezi, ina mistari mikali ya rangi mbili zinazopingana, na hicho ndicho sensa inachokipenda.

Kiboksi nacho hudanganya. Kwenye Sony, kiboksi cheupe au cha kijivu kinachomzunguka mtu maana yake ni "nimemwona", si "nimemshika". Cha kijani ndicho cha fokasi. Nikon nao hutumia kijani kuonyesha imeshika. Jizoeze kuangalia rangi.

Canon R1 na R5 Mark II za mwaka 2024 zimeongezewa akili ya kutambua anayepiga mpira kwenye soka, kikapu na wavu, zikamhamia zenyewe. Inasaidia, ila mantiki ya hapo juu haibadiliki.

Vitu ambavyo kamera haivioni vizuri

Sensa nyingi za kamera hizi husoma vizuri mistari ya wima na vibaya ile ya kulala. Jaribu: lenga mwamba wa juu wa goli, anga likiwa nyuma yake. Mara nyingi fokasi itahangaika. Sasa inamisha kamera nyuzi 30 au 45, itashika papo hapo. Ndiyo maana timu moja ikivaa jezi za mistari ya kulala fokasi inayumba kwa timu hiyo tu, na mtu anadhani kamera inaugua. Lenga mpaka wa jezi na mkono, au kola, au piga kwa kamera iliyosimama wima. Chache zinasoma pande zote mbili. OM-1 ya mwaka 2022 na Canon R1 ni miongoni mwake.

Ukipiga kutoka nyuma ya goli, wavu utakamatwa. Sogeza lenzi hadi iguse wavu, ikiwezekana ipitishe katikati ya tundu, kisha tumia swichi ya kikomo cha umbali kwenye lenzi. Lenzi za 70-200 f/2.8 nyingi zinayo, na huzuia kutafuta kitu kilicho karibu kuliko mita 2.5 au 3. Swichi hiyo hupunguza pia ule mtindo wa lenzi kwenda mwisho na kurudi inapopoteza mchezaji. Iache hapo mechi nzima.

Saa saba mchana, hewa inayopanda kutoka kwenye udongo au tartani hucheza kama maji. Kwa lenzi ya milimita 400 na mchezaji aliye mita 60, picha moja kali, inayofuata imeyeyuka, bila wewe wala kamera kukosea. Hakuna mpangilio unaotibu hilo. Sogea karibu, au subiri jua lishuke.

Usiku, zile namba za giza zinazotangazwa, kama EV -6.5 ya Canon R6 (EV ni kipimo cha mwanga, ikishuka ndivyo giza linavyozidi), hupimwa kwa lenzi ya f/1.2, nukta ya katikati, kwenye One-Shot. Lenzi ya f/5.6 inapitisha mwanga pungufu kwa zaidi ya hatua nne. Kwenye ukumbi hafifu lenzi ya f/2.8, au hata ya 85mm f/1.8 ya bei ya kawaida, itaipa fokasi nguvu kuliko kubadilisha kamera. Na kwa umeme wetu wa Hz 50, taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kipunguza kumetameta kwa taa kitasawazisha mwanga wa picha, lakini hupunguza mwendo wa mfululizo na kuchelewesha shata kidogo.

Lenzi, filta, adapta

Vua filta ya kinga, piga picha 20, irudishe, piga 20 tena. Filta za bei rahisi kwenye lenzi ndefu hulainisha picha zote.

Zima kamera, vua lenzi, angalia vibati vya dhahabu nyuma yake na ndani ya mdomo wa kamera. Vumbi na jasho hukata mawasiliano kwa nukta ya sekunde, na dalili yake ni fokasi kuganda ghafla au apacha kuonyesha 00. Pangusa kwa kitambaa kikavu cha mikrofaiba. Pakiwa na utando, tia tone la alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa, si kwenye kibati. Usitumie spiriti ya rangi, inaacha mabaki, wala msasa. Ukitumia adapta, kile kiungo cha kufungia lenzi ya mfumo mwingine, una seti mbili za vibati, na adapta inayochezacheza mkononi itakusumbua hivyohivyo kwenye fokasi.

Sasisha fimwea (programu ya ndani) ya kamera na ya lenzi, zote mbili. Lenzi za Sigma na Tamron kwenye Sony A1 na A9 huishia picha 15 kwa sekunde hata zikiwa salama kabisa, kwa hiyo usizipeleke kwa fundi kwa sababu hiyo.

Jaribio la kumaliza ubishi

Kwanza kitu kilichotulia. Kamera kwenye tripodi, kidhibiti mtikiso kimezimwa, gazeti au boksi lenye maandishi mita 10, f/2.8, 1/1000, fokasi ya mara moja. Piga 20, na kabla ya kila moja zungusha pete ya fokasi uiharibu. Rudia maandishi yakiwa upande wa kushoto wa fremu, kisha kulia.

Pili kitu kinachokuja. Mtu akimbie kutoka mita 40 hadi mita 8, milimita 200, f/2.8, 1/2000, picha 10 kwa sekunde. Tumia JPEG, maana mbio hizo huchukua sekunde 5 au 6 na RAW, zile faili ghafi kubwa, zinaweza kujaza kumbukumbu ya muda katikati. Mbio tano kwa mpangilio mmoja, kisha badilisha kitu kimoja, mbio tano nyingine. Hesabu makundi matatu: kali, inakaribia, imekosa. Andika kwenye karatasi.

Za kutulia zikiwa kali zote na za mwendo zikikosa, vifaa ni vizima na jibu liko kwenye mipangilio au mkononi. Za kutulia zikikosa bila mpangilio, badilisha lenzi kwanza: kosa likihama na lenzi, ni lenzi, likibaki, ni kamera au mdomo wake. Upande mmoja wa fremu ukiwa laini kila mara na mwingine mkali, kuna kioo kilichohama ndani ya lenzi, pengine kwa kuanguka, na hilo halina menyu. Mpelekee fundi pamoja na picha za jaribio la kwanza, zikiwa faili halisi za kutoka kwenye kadi na si zilizopitia WhatsApp, ili aone apacha, umbali na nukta ya fokasi iliyotumika.